Sikukuu Isiyobeba Katoni

Herieth alizijua sikukuu za Wamarekani kwa katoni zake. Vinyago vya kutisha watoto vilipakiwa katikati ya mwaka, miti ya plastiki ya Krismasi ikafuata, halafu mioyo myekundu ya wapendanao na bendera za siku yao ya uhuru. Mwenyewe alikuwa mtu wa Bukoba, wakala mwenye kiofisi cha meza moja ndani ya jengo la Tianxiu Dasha, Guangzhou nchini China, na mteja wake mkubwa alikuwa Mmarekani aitwaye Lorraine, mwenye duka la mapambo huko kwao. Lorraine alipokuja kwa maonyesho ya biashara ya Oktoba mwaka 2009, Herieth akamuuliza mbona hajawahi kuagiza chochote cha ile sikukuu yao ya Shukrani.

"Niagize nini?" Lorraine alicheka. "Siku hiyo hatupeani zawadi. Unarudi kwenu, unakula, unashukuru. Hata ukifika mikono mitupu, kiti chako kipo."

Herieth alishangaa, kisha akapandwa na hasira, maana mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa Abednego.

Abednego alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alikuja Guangzhou na mtaji aliochangiwa na ukoo mzima, akanunua simu za kwenda kuuza nyumbani, na simu zenyewe zikawa mbovu karibu zote. Wakati anahangaika kurudishiwa fedha, viza ikaisha. Sasa msako wa wasio na viza ulikuwa umepamba moto. Askari walisimama mchana kweupe kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu wakikagua pasi za weusi, na jirani yao mmoja Mkongo alikuwa amekamatwa akienda kununua mkate. Abednego hakutoka tena. Alishinda chumbani kwa dada yake mapazia yakiwa yamefungwa, na lifti ikilia tu, anashtuka.

Mara ngapi Herieth alimwambia ajisalimishe, alipe faini, aende nyumbani! Jibu lilikuwa lilelile.

"Nirudi na nini, dada? Nishuke pale na begi la nguo chafu, watu walionichangia wananitazama?"

Basi Alhamisi ile ya Shukrani Herieth alifunga ofisi mapema. Bata mzinga, ambaye Wamarekani humla siku hiyo, hakumpata, akanunua bata wa kawaida wa kuchoma, akajisemea bata ni bata. Akapika wali na mchicha, akatandika kitambaa mezani, akamwita mdogo wake.

"Leo kuna nini?" Abednego aliuliza.

"Sikukuu ya watu wanaorudi kwao bila kitu. Kaa ule."

Alimweleza yote aliyoambiwa na Lorraine. Abednego alisikiliza huku akitafuna, kisha akaguna.

"Hao ni Wamarekani. Wana kila kitu nyumbani, ndiyo maana hawabebi."

"Mama hakukutuma simu," Herieth alisema, sauti ikipanda. "Kila nikimpigia ananiuliza kama unakula. Hajaniuliza hata siku moja umenunua nini. Unaozea humu kwa ajili ya macho ya majirani!"

Abednego aliweka mfupa kwenye sahani taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi dada yake.

"Na wewe je? Viza unayo, pasi yako safi, hakuna askari wa kukuzuia. Ulimwona mama lini?"

Herieth alikuwa na jibu. Alikuwa nalo miaka yote: ngoja kontena lijae, ngoja nimalizie paa la nyumba, mwakani Mungu akipenda. Safari hii lilisikika kama la Abednego. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyomchoma masikio, kwa sababu alikuwa akimsema mdogo wake kwa woga ambao ulikuwa wake pia.

"Kumbe tunaumwa ugonjwa mmoja," alisema mwishowe. Akamwongezea nyama. "Basi tunakwenda wote. Jumatatu nakupeleka polisi mimi mwenyewe, na ole wako unibishie."

Jumatatu walitembea Huanshi Zhonglu wameshikana mikono, Herieth akitazama mbele tu. Polisi walimshikilia siku kadhaa, wakamtoza faini, wakamwamuru aondoke. Herieth alikata tiketi mbili za ndege moja. Njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Baiyun alipita madukani, akaona mablanketi ambayo mama angeyapenda sana. Mkono ulimwasha, lakini aliurudisha mfukoni akaendelea na safari.

Uwanjani foleni yao ilijaa mabegi yaliyozungushiwa utepe wa gundi, na wafanyabiashara wakigombana na wahudumu juu ya kilo zilizozidi. Zamu yao ikafika. Msichana wa kaunta alipokea pasi mbili, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mizani.

"Meiyou," Herieth alimwambia, hakuna.

Msichana hakuamini. Aliinuka, akachungulia nyuma yao kutafuta mabegi, akauliza tena.

Herieth alimshika mdogo wake mkono, akamsogeza karibu na kaunta.

"Ni sisi tu," alisema.