Shangazi Inshirah na Barua ya Kufungiwa Shamba

Hapa mjini Irbid, ukitaka kuoa, anza kwa shangazi yangu Inshirah. Ukimpita, shauri yako. Nusu ya mtaa wetu kaiunganisha yeye, na nusu nyingine kaitibulia posa. Mimi nimo kwenye hiyo nusu ya pili. Wawili wamekuja kuniposa, wote kawafukuza: mmoja alikuwa na haraka, mwingine hakuna aliyemjua baba yake. Jamani, nilichukia!

Kwa hiyo habari za Luay sikumwambia. Luay tunalima naye kwenye mchezo wa mtandaoni, shamba lake limepakana na langu. Nje ya mchezo sina namba yake wala sijui anakaa nyumba gani. Basi moyo ulinipasuka asubuhi ile nilipofungua barua pepe: "Mchezaji mpendwa, akaunti yako itafungwa ndani ya saa moja. Bonyeza hapa uandike nywila." Shamba lipotee, na Luay apotee nalo!

Shangazi alikuwa sebuleni kwetu, anachambua mboga ya mlukhia. "Rudaina, mbona umepauka hivyo?"

Nikamwonyesha barua, kidole changu kiko tayari kubonyeza.

"Ngoja wewe! Amekuitaje? Mchezaji mpendwa? Jina lako halijui?"

"Shangazi, saa inakwenda!"

"Na iende. Posa ya haraka ina kilema ndani. Barua hii imetoka kwa nani?"

Nikagusa jina la mtumaji. Juu limeandikwa jina la mchezo. Chini yake, anwani yenyewe ni ya duka la matairi.

"Ala! Muuza matairi anataka ufunguo wa nyumba yako?" Akacheka mpaka mlukhia ukamwagika. "Mimi bwana harusi akinipa namba za watu wa kumsifia, sizipigi. Naenda mtaani kwao mwenyewe. Na wewe usipite mlango wake huo. Pita wako."

Nikaifuta barua, nikafungua mchezo wenyewe. Shamba lipo. Onyo hakuna, si moja si nusu. Alhamdulillahi, machozi yalinitoka kwa furaha, na kwa furaha hiyo nikasahau kuficha kioo. Ujumbe ukachomoza: "Rudaina, umechelewa leo. Ngano yako nimeimwagilia. Pumzika tu."

Shangazi akavaa miwani. Nikajua nimekwisha.

"Huyu nani?"

"Luay. Wa mji wa Zarqa. Jirani wa shamba tu."

"Jirani tu, eti! Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Amewahi kukuomba hiyo nywila?"

"Hajawahi kuniomba kitu chochote, Shangazi."

Akausoma tena ule ujumbe, midomo ikimcheza. Kisha akasukuma sinia la mlukhia pembeni.

"Mwambie mama yake anipigie," akasema. "Na jina la babu yake nalitaka leo."