Munyu wa Jivu la Posti

Vile vipande vya posti nilivileta nyumbani mimi mwenyewe, sitazunguka. Nilikuwa nafanya kibarua kwa yadi moja huku Kiplombe, mahali wanatia posti za fensi dawa ya kijani ndio zisiliwe na mchwa. Vipande vikibaki baada ya kukata, mfanyakazi anaruhusiwa kubeba. Nilibeba wiki tatu. Vinawaka vizuri, na Mama alinisifu.

Mama alizaliwa magharibi, na kwake mrenda bila munyu wa jivu si mboga. Anachoma maganda ya maharagwe, anaweka jivu kwa mkebe uliotobolewa chini, anamwaga maji juu polepole. Yale maji ya kahawia yanayodondoka ndiyo munyu. Mwezi huo maganda yaliisha, akachota jivu la jiko. Nilimpata akijaza chupa.

"Hii ni ya dada yako. Anakuja mwisho wa mwezi, na mtoto ameanza kula mboga. Lazima ajue munyu wa kwao."

"Mama, hilo ni jivu la posti. Liko na dawa."

"Si limechomwa? Moto unaua kila kitu."

"Hiyo dawa iko na aseniki, na moto hauimalizi. Inabaki kwa jivu."

"Wewe ulipata C ya kemistri na unataka kunifundisha jivu?"

"C plus, Mama."

Ningeweza kumwaga ile chupa akienda sokoni, lakini angetengeneza nyingine. Ilibidi aone na macho yake. Nikachukua mikebe miwili, moja jivu la maganda nililoomba kwa jirani, ya pili jivu la posti, nikachanganya na udongo nusu kwa nusu, nikapanda maharagwe. Siku ya pili nilifukua kuangalia. Ya tatu nikafukua tena. Yote yakaoza.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe hata ya maganda ni sumu! Basi wewe ni mzimu, umekula hiyo munyu miaka ishirini."

Nilienda kwa mwalimu wangu wa kemistri, shule yangu ya zamani. Alinisikiliza akisahihisha vitabu.

"Kwanza, hiyo chupa hakuna mtu anaonja, maharagwe yaseme nini ama nini. Na hivyo vipande hamchomi tena, hata moshi wake ni mbaya. Pili, jivu uliweka nyingi. Kijiko kimoja kwa mkebe. Weka mkebe wa udongo mtupu. Na mwingine, jivu la posti uliloosha mara kumi, kama limenyeshewa. Maharagwe hayatakuambia aseniki ni kiasi gani, hiyo ni kazi ya labu. Yatakuonyesha tu kama kuna kitu kimekataa kuisha."

"Sawa, Mwalimu."

"Na uwache kufukua!"

Nikapanda upya, mikebe minne, na maji ya kuosha lile jivu nikayaweka kwa mtungi, nikafunga. Chupa nikaificha juu ya kabati. Kungoja siku tisa kulinilemea kuliko kubeba posti, lakini sikugusa.

Siku ya tisa Mama alichuchumaa mwenyewe mbele ya mikebe. Udongo mtupu, maharagwe yamesimama. Jivu la maganda, yamesimama. Jivu la posti, moja tu ilitoka, manjano, imejikunja. Akaonyesha mkebe wa mwisho, ambao ulikuwa na mbili dhaifu.

"Hii ndiyo uliosha?"

"Mara kumi."

"Na bado?"

"Bado."

Aliinuka. Halafu akaitisha chupa, akaenda nayo moja kwa moja kwa shamba lake la sukuma wiki, akafungua kifuniko.

"Mama, si hapo! Itakaa kwa udongo, sukuma iivute."

"Basi kwa choo."

"Kisima kiko hapo chini."

"Kwa barabara?"

"Mvua itaileta."

Akanigeukia. "Sasa, mwenye C plus, hii kitu inaenda wapi?"

Ukweli ni kwamba hapo sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimengoja kushinda tu. Tukafunga mdomo na leso, tukazoa jivu lote, na udongo wa chini ya mkebe wake wa munyu, na ule wa mikebe yangu, tukajaza ndoo mbili zenye kifuniko. Na chupa, na mtungi, na vipande vilivyobaki. Tukapeleka yadi kwa mkokoteni.

Msimamizi alikataa. "Mama, sisi hatuchukui jivu."

"Mlipeana ikiwa mbao. Chukueni ikiwa jivu."

"Mama yangu, hakuna mahali ya kuweka."

"Hata kwangu hakuna. Na kwangu kunakuja mtoto." Akakaa juu ya ndoo.

Malori mawili yalipiga honi nyuma yetu. Msimamizi aliangalia malori, akaangalia Mama, akatoa funguo za stoo ya mapipa ya dawa. Tulipokuwa tukitoka, jamaa mmoja alikuwa anafunga vipande kwa baiskeli.

"Baba, hizo ni za kupikia?" Mama akamuuliza.

"Eeh, Mama."

"Simamisha baiskeli kwanza," akasema. Mimi nilitaka kwenda nyumbani, lakini aliniambia nikae nieleze.