Mlima Usio na Uzio

Fiiiu, kimya kidogo, kisha fi. Hivyo ndivyo Meurig alivyopiga mluzi, na bonde zima la Wern liliujua kama watu wanavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Idwal Prydderch akiusikia kutoka upande wa pili wa mgongo wa mlima, alijua jirani yake yuko wapi, mbwa wake yuko wapi, na ukungu umefika wapi. Naye alijibu kwa mluzi wake mwenyewe, mbaya, wenye mate, na kazi ikaendelea.

Idwal ni mfuga kondoo, kama baba yake na babu yake, kwenye shamba dogo la Nant-y-Wern: vipande vichache vya nyasi bondeni, nyumba ya mawe yenye jiko lisilozimika, mke aitwaye Tegwen, na juu ya yote hayo, mlima. Mlima si wake. Ni wa wote wenye haki ya kulisha, hauna uzio, wala sheria hairuhusu uwekwe. Anayetaka kujua mpaka uko wapi amwulize kondoo. Jike wa Nant-y-Wern alizaliwa pale, na mama yake alizaliwa pale, akamwonyesha kila jiwe la kujikinga na upepo, na kwao hatoki. Akifika mgongoni anawakuta wa Meurig, nao wamefunzwa vivyo hivyo na mama zao. Basi anageuka. Makundi hayo mawili yalishikiliana kama watu waliokaa wakiegemeana migongo.

"Uzio ni kazi ya watu wasiosalimiana," Idwal hupenda kusema.

Ana maneno mengi ya namna hiyo, lakini huyatoa akiwa na kikombe mkononi, na ukimpa chai isiyo na sukari hupati hata moja. Anaamini mbwa mwenye jina refu hafai, maana kondoo atakuwa ameshavuka kijito kabla hujamaliza kumwita. Anaamini mvua ya redioni na mvua ya Wern hazijawahi kukutana. Na mtu akimwambia kondoo ni mjinga, humwangalia kwa huruma. "Wewe uliwahi kuachwa mlimani peke yako ukakumbuka kwenu?"

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Binti yake wa pekee, Mared, yuko New Zealand akikata manyoya ya kondoo wa watu, na alikuwa amesema atarudi majike wakianza kuzaa, alichukue shamba. Lakini mlima ukibaki na kundi moja, hata hilo moja halidumu. Kondoo anaona upande wa pili ni mtupu, nyasi ndefu, hakuna wa kumrudisha. Anavuka. Mwanawe anajifunza kuvuka. Na kule ng'ambo mlima unateremka mpaka barabara kuu. Elimu ya mama na bibi na mama wa bibi inaishia kwenye lami.

Kwa hiyo, zamani kidogo, siku ya kukata manyoya, yeye na Meurig walipeana mikono juu ya ukuta wa zizi: atakayeacha kufuga kwanza amwachie mwenzake kundi lake, lisitoke mlimani.

"Utaanza wewe," Meurig alimwambia. "Hilo goti lako linalia kama bawaba."

"Goti hili litakuja mazishini kwako."

Mwaka huu, magugu ya mlimani yalipogeuka rangi ya kutu, Meurig alipiga simu. "Kesho tuwashushe wangu, jirani. Wote."

"Na majike vikongwe?"

"Na vikongwe."

Tegwen alikuwa akikata mkate. "Vikongwe huachwa juu mpaka theluji ije. Ana nini huyo?"

"Ni kondoo wake."

"Hukumwuliza?"

"Tangu lini mtu anaulizwa kwa nini anashusha kondoo wake? Leo kwake, kesho kwangu."

Hiyo ndiyo desturi yetu huku. Ukiitwa, unapanda. Idwal alipanda na mbwa wake wawili, Mot na Nel, na siku ilikuwa njema kiasi cha mtu kusahau umri wake. Kundi lilitiririka mteremkoni kama maziwa yaliyofurika sufuria. Mmoja tu alibaki, kikongwe mwenye pembe iliyovunjika, amejibanza kwenye mawe. Mbwa wa Meurig alimpita. Idwal ndiye aliyerudi kumtafuta, akamsukuma kwa lile goti bovu mpaka chini.

Uani kwa Meurig kulikuwa na malori mawili, milango ya nyuma imeteremshwa.

"Mzee, kazi safi," dereva alimwambia. Alikuwa kijana mchangamfu, mgeni. "Tuliambiwa usibaki hata ukwato mmoja."

"Usibaki wapi?"

"Huko juu. Si wenye nyumba wapya hawataki?" Kisha akamtazama Meurig. Meurig alikuwa akifunga kamba iliyokwisha kufungwa.

"Umeuza," Idwal alisema.

"Nimeuza nyumba. Ni watu wa mjini, hawataki kondoo wapite uani. Walisema kundi liondoke kwanza, ndipo watie saini. Mke wangu hapandi ngazi tena, Idwal. Tunahamia karibu na hospitali."

"Tulipeana mikono."

"Ingia ndani basi, unywe chai."

Idwal aliwaita mbwa wake. Njia nzima ya kurudi alisikia wale kondoo wakilia ndani ya malori, na kila sauti aliitambua.

Tangu hapo alipanda kila asubuhi kuwarudisha wake. Mwanzoni walisimama mgongoni, pua zikinusa upepo, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha jike mmoja akavuka. Kisha wakavuka na wengine. Aliwarudisha asubuhi, jioni wako kule kule. Siku moja polisi wakapiga simu kuhusu wawili waliogongwa barabarani, mama na mwanawe.

Mared naye, aliyekwisha kusikia habari za Meurig, akapiga. "Baba, wamevuka?"

"Huku kuna mvua."

"Sikukuuliza mvua."

"Mwambie mtoto ukweli," Tegwen alisema, akiwa amesimama nyuma yake.

Akamwambia. Mared akasema wenyeji wake wamemtaka abaki, wampe kazi ya kudumu. Alitaka tu kujua baba anaonaje.

"Kubali, mwanangu," Idwal alisema. Akarudisha simu mahali pake, akatoka kuwapa mbwa chakula walichokwisha kupewa.

Ibada ya shukrani ya mavuno ilifika, na Jumapili hiyo kila mtu huja, hata wasiokuja. Vitunguu na viazi vilipangwa mbele ya mimbari. Bi Gwladys, ambaye ulimi wake haujawahi kustaafu, alimsimamisha Meurig mlangoni. "Na wewe umemletea nini Mungu mwaka huu? Ufunguo?"

Wachache walicheka. Idwal hakucheka. Baada ya ibada Meurig alimfuata nje, kofia mkononi. Nesta, mkewe, alikuwa ndani ya gari, amefunikwa blanketi, akiwatazama kupitia kioo.

"Kila siku nilitaka kukuambia," Meurig alisema. "Lakini ningewashushaje peke yangu, na mbwa mmoja? Ningekuambia, usingepanda."

Watu waliokuwa karibu waligeuka kuangalia mawingu. Tegwen alimshika mumewe mkono, akidhani atasema neno ambalo bonde lingelikumbuka. Idwal alimtazama Nesta, kisha akautazama mlima, kisha akamtazama jirani yake, na ilibidi Meurig ainame ndipo amsikie.

"Ningepanda."