Siku Tuliyomkimbiza Mama Mkwe Kampala

Nilitoka Eldoret kwenda Kampala kwa sababu ya mapenzi, na mapenzi yenyewe hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Elia, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akipakia magome ya miti ya miwati kwenye kiwanda cha dawa ya ngozi. Alikuwa amempenda Erina, msichana Mganda aliyekuja kukaa na mjomba wake, fundi wa nguo karibu na stesheni. Elia alishonesha suruali tatu kwa huyo fundi kabla hajasema neno, na alikuwa na miguu miwili tu kama sisi wengine.

Erina akarudi kwao. Ndipo baba yake, Mzee Yokana, akatuma neno kwamba tuje siku moja atutembeze mji wao, na mke wake apate kumwona huyo kijana. Jibu tungepewa kabla ya treni ya kurudi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa huko naye anamtaka Erina, kwa hivyo tukishindwa siku hiyo, basi, tumeshindwa.

Ijumaa mchana tulikutana stesheni ya Eldoret. Siku hizo wengi wetu tulikuwa bado tunaita mji Sitini na Nne, kwa namba ya shamba la wazungu. Tulikuwa mimi, Elia, rafiki yake Arap Chumo na kibuyu chake cha maziwa lala, na watu wa kwaya yetu waliosema wanamsindikiza Elia lakini walitaka tu kuona gorofa. Mkubwa wetu alikuwa Mama Dorka wa kwaya. Yeye alikuwa amefika Kisumu mara moja, kwa hivyo mambo yote ya miji tulimwachia.

Tulipopita stesheni ya Turbo, Elia akaanza kutokwa na jasho. Lazima nieleze kwa nini. Kwetu Bunyore, asili yetu mimi na Elia, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Ukimwona anakuja na njia, wewe unaingia kichakani. Mkono hampeani kabisa. Baba yangu aliwahi kunyeshewa ndani ya shamba la mahindi kwa sababu nyanya mzaa mama alisimama mlangoni akiongea na mama, na nyanya yangu alikuwa mtu wa kuongea. Lakini hiyo ni hadithi ingine.

"Mama Dorka," Elia akasema, "Kampala nitajificha wapi? Huko hakuna vichaka."

"Vichaka ni mambo ya risavu, ya kijijini," Mama Dorka akamjibu. "Wale ni watu wa taa za stima. Ukijificha watasema tumewaletea mshamba. Ukimwona, nenda moja kwa moja, umpe mkono, useme gudi moning."

"Mkono?" Chumo akasema. "Na mama mkwe? Basi mimi nitakaa behewa lingine."

"Chumo, wewe umefika Kisumu?"

Chumo akatazama kibuyu chake. Hakuwa amefika.

Jinja tulivuka mto Naili. Watu huniuliza ulikuwaje. Nilikuwa nimelala.

Asubuhi ya Jumamosi tulishuka Kampala. Mzee Yokana alikuwa anatungoja na kanzu nyeupe na koti juu yake. Alijua Kiswahili vizuri kwa sababu alifanya kazi ya reli miaka mingi. Erina alipiga magoti chini kutuamkia, kama desturi yao, na Chumo akainama haraka amsaidie kutafuta kilichoanguka. Alitafuta muda kidogo. Mama yake Erina alisimama mbali, mama mnene wa heshima, na mwavuli wa maua. Alimtazama Elia, aliyekuwa amebeba mzigo wa Mama Dorka kichwani. Alimtazama mara moja tu, halafu akageuka akatupa mgongo.

"Nenda sasa," Mama Dorka akamnong'oneza.

Elia akanyoosha mkono, akaenda. Yule mama akaona ule mkono unakuja. Akashika gomesi yake, lile gauni refu la kwao, akaondoka mbio nyuma ya mkokoteni wa mizigo.

"Anaharakisha kutuonyesha mji," Mama Dorka akasema.

Kwanza tulipanda Namirembe kuona kanisa kubwa. Ni kanisa la ajabu, nililizunguka mara nne. Elia alipitia kushoto na mkono wake mbele, yule mama akapitia kulia, na sisi kwaya tukamfuata Elia tusiachwe. Kila mzunguko naona jiwe lile lile la kaburi. Mzunguko wa tatu wazee wawili wa pale wakajiunga nyuma yetu, wakavua kofia, wakidhani ni maandamano ya Kikristo. Mzee Yokana alikaa chini ya ukuta, akatutazama tukipita.

Saa sita tulikuwa soko la Nakasero. Sijaona ndizi kama zile, zimepangwa mpaka zinaficha watu, na mmoja wa waliofichwa alikuwa mama yake Erina. Elia aliona mwavuli umetokeza juu ya mikungu. Akazunguka polepole, akasema, "Gudi moning, mama," akashika ncha ya mwavuli. Yule mama akauachia. Akapita katikati ya wauza samaki, hatukumwona tena mpaka jioni.

Elia akabaki amesimama na mwavuli wa maua.

"Amenikataa," akasema. "Hata mwavuli wake ameona afadhali autupe."

"Labda sema gudi afutanuni," Mama Dorka akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Saa sita imepita."

Tulitembezwa pengine pia, majumba na ziwa la kabaka, mfalme wao, lakini mimi niliona tu uso wa Elia chini ya maua yale. Chakula cha kwao, matoke, zile ndizi za kupika, alipewa akakitazama tu. Chumo akakila kwa niaba yake.

Jioni tukarudi stesheni. Treni ilikuwa imeshafika. Elia hakuweza kuuliza, kwa hivyo niliuliza mimi kama mjomba.

"Mzee Yokana, tuambie tu. Mama amemkataa kijana wetu?"

Mzee Yokana akakuna ndevu. "Kwanza mimi niulize. Huko Eldoret, mnakimbiza mama wakwe?"

"Hapana. Kwetu ndio tunawakimbia."

"Hata sisi tunawakimbia. Mtu na mama mkwe wake wakigusana, mikono inatetemeka mpaka uzeeni. Mke wangu alimkubali huyu hapa hapa asubuhi, alipomwona na ule mzigo. Kwa hivyo akatoroka, kama mama mkwe. Nikaona kijana anamfukuza kanisa zima. Nikasema, pengine ni baridi ya kwao imemwingia kichwani."

Watu wote wakamtazama Mama Dorka. Mama Dorka akatazama treni.

"Sasa anasema hivi," Mzee Yokana akaendelea. "Mtu asiyejua kumkimbia mama mkwe hawezi kupewa binti yake. Afadhali yule mwalimu."

Wakati huo huo yule mama akatokea mlango wa stesheni na kikapu cha matoke ya njiani. Elia akamwona. Akaweka mwavuli chini polepole, kama anaweka yai. Halafu akavuta koti juu ya kichwa, akakimbia. Alimruka Chumo na kibuyu chake, akapanda behewa la kwanza aliloona, na lilikuwa la wazungu. Tulisikia mwanamke akipiga kelele, tukamwona Elia anatokea dirishani upande wa pili, koti bado liko kichwani.

Yule mama akaokota mwavuli wake, akapiga vigelegele stesheni nzima.

"Huyo ndiye," akasema. Kilikuwa Kiswahili chake cha kwanza siku hiyo.

Tulirudi Eldoret tukiimba, isipokuwa Mama Dorka, aliyesema koo linamuuma. Tulikuwa tumekwenda mbali kuona mambo ya kigeni, na tulichoshindwa kutambua ni kile tulichokizoea nyumbani. Kampala ni mji mzuri. Sikuuona sana.

Huyo mama alipokuja kuwatembelea Elia na Erina baada ya harusi, Elia alikuwa mezani anakunywa chai. Alitoka kwa dirisha na kikombe mkononi, hakumwaga hata tone. Akamalizia chai yake katikati ya mahindi, na mvua ilikuwa inanyesha.