Aliyekuja Kuangalia Tamthilia

Semeni nimezeeka, semeni akili zimeniruka. Mwanangu mwenyewe ameshasema hivyo. Lakini haya yalinipata mimi, sebuleni kwangu hapa Buhongwa, jua halijazama, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nianze na kosa langu. Nilipostaafu nilikuwa mtu wa kununua vitu. Nilinunua televisheni pana ya kutundika ukutani, masofa ambayo mpaka leo sijayavua nailoni, chupa ya chai yenye maua, feni ya kusimama. Na nilizipenda sana tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mzee mzima, namlilia binti wa Istanbul! Mke wangu, Mama Shija, aliomba kitu kimoja tu: mtungi wa gesi. Alikuwa anapikia kuni kwenye kibanda kisicho na dirisha, na kifua kilikuwa kinambana. Nikamjibu, "Mambo ya jikoni yana wenyewe." Akikohoa, naongeza sauti ya televisheni. Mwaka juzi tulimzika.

Unadhani nilijifunza? Neema, mke wa mwanangu Shija, alirithi kibanda kilekile, na mimi nikanunua spika.

Basi jioni moja tamthilia imenoga, nikasikia hodi. Nikaitikia karibu bila kugeuka. Majirani wengi huja kuangalia kwangu, halikuwa jambo la ajabu. Kwa pembe ya jicho nikaona mama aliyejitanda kitenge akikaa sakafuni, nyuma yangu, masofa yote kayaacha. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajapewa maji. Nami sikuinuka kumpa maji, ningepitwa.

"Huyo mama mkwe naye," akasema, "angeletwa Usukumani wiki moja tu, angenyooka."

Nikacheka. "Angetwanga mpaka asahau Kituruki!"

"Na wewe Baba Shija, unalia nini? Futa machozi, watu wanakuona."

Tukataniana hivyo, nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Lilipokuja tangazo nikaanza kujisifu: umeiona spika, umeiona feni?

"Umejitahidi," akasema. "Na jikoni umenunua nini?"

"Jikoni kuna wenyewe," nikajibu kwa mazoea.

Kisha akakohoa. Niamini, kikohozi cha mtu uliyelala naye miaka arobaini hukisahau: viwili vifupi, kimoja kirefu cha kuburuta, halafu pumzi inayopiga mluzi. Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na majivu, yametulia kwa umbo la mtu aliyekaa akakunja miguu.

Neema akaingia na beseni la kunawia. "Baba, ulikuwa unacheka na nani?"

"Na mgeni. Hukupishana naye mlangoni?"

"Mgeni gani, baba? Nimekaa hapo kizingitini muda wote, nachambua mchicha."

Akageukia pembeni, akaziba mdomo kwa khanga, akakohoa. Viwili vifupi. Kimoja kirefu. Halafu mluzi.

Neema alikuwa na mimba ya miezi sita.

Asubuhi nilimpeleka hospitali, tukarudi na mtungi wa gesi. Kibanda nikakibomoa kwa mikono yangu. Mtoto alizaliwa mzima, lakini daktari alisema kifua cha mama yake hakitarudi kuwa kama zamani. Amepona nusu. Nusu iliyobaki niliila mimi, nimekaa kwenye sofa.

Tamthilia siangalii tena. Na kuna jioni, Neema amelala ndani na mwanawe, nakisikia kile kikohozi kikitokea pale kilipokuwa kibanda, ambapo sasa ni majani tu. Mchungaji amekuja, tumeomba mara tatu. Hakikuondoka. Siku hizi siombi kiondoke. Natoka nje, nakaa nacho mpaka kinyamaze.

Nawe unayenisikiliza, kabla hujaongeza kitu kingine sebuleni, nenda ukakae jikoni kwako moto ukiwaka. Kaa mpaka ugali uive. Usikilize anayepika anavyohema. Wangu alirudi kuniuliza akiwa ameshazikwa. Wako bado yuko hai.