Mwizi wa Sufuria Zilizotoboka

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mama Viraka aliamka hana sauti.

Mumewe alidhani anafanya mzaha. Mwanamke huyu sauti yake ilitangulia mwili. Ulimsikia kabla hajakata kona. Leo amekaa ukingoni mwa kitanda, anafungua kinywa, kinatoka kitu kama upepo wa tairi la baiskeli.

"Mungu mkubwa," mzee akasema. "Masikio yangu yamepewa likizo."

Kandambili ikampata begani.

Wakanywa chai. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini baridi ilikuwa imekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Mzee akamwambia alale. Akatikisa kichwa. Mzee akasema basi atakwenda yeye. Mkewe akamtazama mgongo, ule mgongo uliomalizwa na magunia ya watu, akacheka bila sauti, mabega tu yakicheza.

"Utainama kuokota sufuria," akanong'ona, "halafu tuje kukuokota wewe."

Basi mzee akamvalisha koti lake. Lilikuwa koti refu la kazi, la enzi zake za upagazi, likamfika mkewe kwenye vifundo vya miguu. Akamfunga vifungo vyote hadi kidevuni. Akamvika na kofia yake ya sufu, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Sasa umekuwa shemeji yangu," akamwambia.

Mkewe akamtolea ulimi, akabeba gunia, akatoka.

Kazi yake ilikuwa kuziba vyombo. Aliirithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wala hakuona sababu ya kumsubiri. Sufuria iliyotoboka, birika lililong'oka mkono, karai lililooza kitako, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka na kiraka cha bati na misumari yake ya ribiti, vikarudi jikoni kuendelea na maisha. Mzee, mgongo ulipostaafu, alipewa cheo cha kushika tupa. Alisugua kingo za viraka zisimkate mtu. Akisugua ovyo alisikia habari zake, na majirani walizisikia pia.

Mama Viraka alikuwa na utaratibu wake, na mtaa mzima uliufuata. Mwenye chombo kibovu alikiacha nje ya mlango usiku, kimelazwa kifudifudi. Kulipopambazuka Mama Viraka alipita na gunia akaokota. Hakubisha hodi kwa mtu. Aliimba tu, "Inayovuja, inayovuja, itoke nje nimwone aliyeiunguza!" Watu walijigeuza kitandani, wakajua vyombo vyao vimeshika njia. Jioni vilirudi. Hakikupotea hata kifuniko.

Alikuwa mkali, tuseme ukweli. Alimwambia mke wa watu, mbele ya mama mkwe wake, kwamba sufuria haina kosa, aliyetoboka ni mpishi. Birika la muuza mkaa alilikataa mpaka lioshwe, na lilipoletwa limeoshwa akauliza kama ni lile lile. Lakini mtu akiwa na sufuria moja tu nyumbani, hiyo ndiyo aliyoianza, apate kupikia mchana.

Sasa, msimu huo mtaa ulikuwa na mwizi. Ndoo ziliondoka. Kamba za nguo ziliamka tupu. Kisha likapotea karai la Kinyozi, na hapo jambo likawa kubwa. Kinyozi aliitisha mkutano kibandani kwake, akachaguliwa mwenyekiti na watu waliokuwa wakisubiri kunyolewa; mmoja wao alikuwa amenyolewa nusu, asingeweza kupinga. Ikaundwa Kamati ya Ulinzi. Wakashonesha vitambaa vyekundu vya kufunga mkononi. Kinyozi akanunua filimbi, akaivaa shingoni hata akienda chooni. Fimbo zikachongwa. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mwizi tu.

Asubuhi ile wakampata.

Mtu wa koti refu, kofia hadi kwenye nyusi, haimbi, hasalimu, anapita mlango hadi mlango akiokota sufuria na kuzitia guniani. Muuza mkaa alimwona kupitia dirisha, akaenda kugonga kwa Kinyozi. Filimbi ikalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia kikazi, na Kinyozi aliipuliza kama mtu aliyeingoja siku hiyo tangu azaliwe.

"Mwizi! Mwizi wa sufuria!"

Mzee alikuwa nyumbani anachochea mkaa. Alisikia, na alisikia kelele zinatoka upande gani. Ni njia ya mkewe. Akaweka koleo chini. Kukimbia hakuweza; alitembea kama anavyotembea mtu anayekimbia kwa ndani.

Alikuta duara la migongo. Watu wametoka na taulo, wametoka na kandambili zisizo jozi, mmoja ana povu la dawa ya meno mdomoni na fimbo mkononi. Katikati, kwenye tope, koti lake.

"Nipisheni."

"Mzee, kaa pembeni, hii kazi ya vijana."

"Nipisheni! Huyo ni mke wangu!"

Wakacheka. Hata waliokuwa wakipiga walisita kidogo ili wacheke.

"Babu naye! Siku hizi unaoa madume?"

"Mkeo tangu lini akavaa kofia ya wapagazi?"

"Mvueni kofia mtaona!"

"Tutamvua tukimaliza, mzee. Usiwe na haraka."

Upande wa pili gunia lilikuwa limemwagwa na ushahidi unakusanywa. Mama mwenye nyumba za kupanga aliinua sufuria juu kila mtu aione. "Hii yangu! Naijua! Ina tundu hapa chini!" Mwingine akadaka birika. "Na hili langu, halina mkono! Nimeliacha mlangoni jana kwa mikono yangu mwenyewe!" Kila aliyekitambua chombo chake alirudi katikati na nguvu mpya. Hakuna aliyejiuliza alikiacha mlangoni kwa ajili ya nani. Hakuna aliyejiuliza ni mwizi wa namna gani huyu, ambaye katika mtaa mzima amechagua vilivyotoboka tu.

Na chini pale Mama Viraka alikuwa akisema. Alisema tangu fimbo ya kwanza. Alijitaja yeye, akawataja wao mmoja mmoja, na kila mmoja na sufuria yake. Kilichotoka ni upepo wa tairi.

"Jeuri huyu," Kinyozi akasema, akifuta jasho. "Hata kulia hataki."

Mzee akaacha kusukumana. Akapiga magoti, akapita katikati ya miguu ya watu kama mbwa anayetafuta mfupa, akala teke ambalo halikuwa lake, akalifikia koti, akalala juu yake. Fimbo mbili zilimpata kabla wenyewe hawajajua. Kwa mkono mmoja akaivuta kofia.

Nywele nyeupe zikamwagika kwenye tope.

Fimbo zikashuka. Hata filimbi ilining'inia.

"Mama Viraka?" muuza mkaa akauliza, kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni bila taarifa. "Mama, unafanya nini hapo chini?"

Duara likayeyuka. Mmoja alikumbuka maji jikoni, mwingine alikumbuka kazini. Mama mwenye nyumba za kupanga aliinama, akaitazama sufuria yake, akalitazama tundu, kisha akairudisha guniani taratibu. Bado ilikuwa inavuja.

Mkokoteni wa kumpeleka hospitali mzee aliutafuta mwenyewe.

Milango yote ilikuwa wazi asubuhi ile, na mwizi mwenyewe, ambaye hakualikwa kwenye shughuli yake, alifanya kazi kwa nafasi. Alichukua redio mbili, pasi ya mama mwenye nyumba, na kioo kikubwa cha Kinyozi. Lile karai, kwa wanaotaka kujua, lilionekana baadaye kwa shemeji yake Kinyozi. Mke wa Kinyozi ndiye aliyeliazimisha, akasahau kusema.

Polisi walikuja kuuliza. Watu wote walikuwa wameona, hakuna aliyepiga. Fimbo, inaonekana, zilijipiga zenyewe. Vitambaa vyekundu navyo vilipotea mtaa mzima kwa siku moja, na huo ndio wizi pekee ambao hakuna aliyeupulizia filimbi.

Hospitalini alipewa kitanda cha dirishani. Zilikuwa mbavu, na mkono wa nyundo, na kitu kingine huko ndani ambacho madaktari walikitaja kwa maneno marefu. Mzee hakuyaelewa maneno. Alizielewa nyuso zao. Yeye alikuwa na haja moja tu, kumrudisha nyumbani, na kila asubuhi alimwambia, "Kesho tunaondoka."

"Tuondoke twende wapi?" mkewe alimjibu. "Nyumba nimemwachia mtu anayeshika tupa kama kijiko. Saa hizi nasikia hata paa linavuja."

Maana sauti ilikuwa imerudi. Ilirudi yote, nzima, ikawaamsha wagonjwa wa upande wa pili. Muuguzi alikuja kumsihi apunguze, akaambiwa mkono wa birika la hospitali umelegea na ni aibu. Mzee alikaa kwenye benchi akisikiliza ule ukali, akapata moyo. Akafua lile koti, akalianika, akamletea nguo safi za kurudia nyumbani, zimekunjwa kwenye mfuko. Mtu mwenye sauti namna ile, alijiambia, haendi popote.

Sauti ilirudi. Mwili haukuifuata. Alikufa kabla ndizi walizoleta Kamati hazijaiva.

Mazishini walikuja wote. Hata nafasi ya kusimama ilikosekana. Kinyozi alihutubia, kwa kuwa mwenyekiti ni mwenyekiti. Alisema mtaa umepoteza mama wa wote. Alisema limetokea kosa la kibinadamu. Alisema jambo hilo limetufundisha kumtambua mtu vizuri kwanza, kabla ya hatua, na watu wakatikisa vichwa kwa hekima hiyo. Mwisho akasema, "Na mimi nina hakika, marehemu angepata nafasi ya kuzungumza na sisi, angetusamehe."

Mzee alimtazama. Kusema ilikuwa kazi ya mkewe. Lakini nafasi ya kuzungumza marehemu aliipata, na Kinyozi anajua, kwa kuwa aliyezungumzishwa ni yeye.

Siku chache kabla hajafa walikuwa wamekwenda wodini watu watatu, na ndizi mbichi kwenye mfuko. Kinyozi mbele, bila filimbi, shingo imekuwa ndefu. Muuza mkaa alisimama nyuma yake akitazama sakafu. Mama mwenye nyumba za kupanga alikuwa amekwishaanza kulia tangu mlangoni, ili asichelewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndizi hizo weka chini, usije ukasema zimeibwa."

Kinyozi akaziweka. Akakohoa. "Mama, tumekuja kwa unyenyekevu. Yaliyotokea yametuumiza sana sisi. Tungejua ni wewe, haki ya Mungu, hata ukucha tusingekugusa."

"Hata ukucha, mama," muuza mkaa akaitikia.

"Sisi tulidhani ni mwizi. Ni hilo tu. Tulidhani tumempata mwizi."

Mama Viraka akamwashiria mumewe amwinue. Mzee akapitisha mkono nyuma ya shingo, akamwinua kidogo kidogo, akiusikia kila mfupa unavyokataa. Wale watatu wakasogea, wakainamisha vichwa kupokea msamaha. Aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Kinyozi, akasema:

"Unaniomba radhi kwa sababu mimi siye mwizi, mwanangu. Sasa niambie: ningekuwa ndiye, ningekuwa sina mbavu?"