Riwaya ya Mtumba Iliyompeleka Baba Embu

Kitabu chenyewe nilikipata Meru mjini, kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia, kati ya viatu na mikoba. Jalada lilikuwa limechanika na kuna mtu alikuwa amekimwagia chai. Nilipolalamika, aliniambia nikitaka kipya nijipeleke Nairobi.

Ilikuwa riwaya ya Kiingereza kuhusu msichana mwenye usonji. Niliianza jioni hiyo hiyo katika chumba changu cha kupanga Kaaga, na maharagwe yakaungua jikoni. Mahali fulani katikati, msichana yule anaziba masikio kanisani ngoma zinapoanza, na babake anamvuta mikono kwa nguvu. Nilikifunga kitabu nikalia. Huyo alikuwa dada yangu mtupu.

Dada amenizidi miaka miwili. Kwetu Mitunguu, msichana anayemkazia mkubwa macho hana adabu. Basi dada, ambaye hakuwahi kumtazama mtu yeyote usoni, alisifiwa hadi sisi wengine tukamchukia kidogo. Akina mama wa kanisa walituambia tumwige. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hawatazami hata watoto wenzake, wala mbuzi.

Sifa ziliisha alipofika umri wa kupokea wageni. Hakutaka kushikwa mkono, na kwetu mgeni hupokewa kwa mkono, mmoja mmoja, hata wakiwa thelathini. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuheshimiwa, na aibu ilimkaa vibaya. Alisema ni kiburi. Alimchapa mbele ya watu, tena si mara moja. Dada alipotimiza miaka kumi na saba alimkatalia mkono mchungaji aliyekuja kutuombea, na wiki hiyo baba akampeleka Embu kwa shangazi yetu, mjane mwenye duka la sweta za shule, akafundishwe kukaa na watu. Alikuwa akae mwezi mmoja. Sasa ni miaka kumi na tisa, na hakuna aliyekwenda kumrudisha.

Mimi nilibaki na kitanda chetu. Kabla ya kulala, dada alikuwa ananigusa kisigino kwa kidole cha mguu, mara moja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu. Nimelala karibu na watu wengine tangu hapo, bweni zima la shule, halafu mume ambaye hatukudumu naye. Hakuna aliyewahi kunisalimia hivyo. Nilitaka arudi, na sitajifanya nilikuwa namtakia mema yeye peke yake.

Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimsimulia riwaya yote kwa Kimeru tukichambua ndizi za soko.

"Kwa hivyo hakuwa na kiburi?" aliniuliza.

"Hakuwa nacho, Mama."

Aliendelea kupanga ndizi, kichana kile kile akikiweka huku, akikirudisha kule. Kisha akasema, "Mpe baba yako. Lakini usimwambie ni ya nini."

Baba alikaa na kitabu zaidi ya mwezi. Amestaafu, ila kalamu nyekundu hajastaafu nayo. Kila kitabu anachosoma anakisahihisha, kana kwamba mwandishi atakuja kesho kukichukua mezani. Aliponirudishia, nilifungua nikaona wekundu kila mahali, koma zilizokosewa, neno lililorukwa, "rudia" pembeni. Kuanzia ule ukurasa wa kanisani hadi mwisho hapakuwa na alama hata moja.

"Huyu dada yako," alisema akitazama migomba, "tutamwona lini?"

Mimi na baba tulikwenda Embu Jumatano. Shangazi alitupokea kwa kelele zake zote, halafu akatuachia duka. Dada alikuwa akipanga sweta kwa ukubwa. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, na hilo liliniuma kwa sababu sikuwepo zilipoanza. Mkono wa baba ulishatoka wenyewe kwa mazoea. Akaurudisha, akaushikilia kwa ule mwingine mgongoni.

"Muga," alisema, salamu yetu ya Kimeru.

"Muga, Baba," dada alijibu, akizungumza na vifungo vya koti la baba.

Nilimpa kitabu. Alikipekua akiwa amesimama, haraka haraka, kisha akamwonyesha baba mstari mmoja. "Hapa kuna kosa hukuliona." Baba alivaa miwani, akaangalia, akakiri.

Kisha akasema alichokuja kusema. "Mimi nilikukosea. Nilikuchapa kwa kitu ambacho hukuwa unafanya makusudi. Nimekuja turudi nyumbani."

"Nyumbani ni hapa," alisema dada.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa na hasira tungembembeleza. Niliomba moyoni atuongezee neno lolote, hata "nitafikiria," lakini dada hajui kumdanganya mtu ili afurahi. Alirudi kwenye sweta zake. Niliona kwamba huku tukijifunza kumjua, yeye alikuwa ameshamaliza kutusubiri.

Baba alitazama kiti cha wateja. "Naweza kukaa hapa kidogo?"

Dada aliangalia saa ya ukutani. "Mpaka saa nane."

Ilikuwa saa saba na nusu. Baba akaketi, akamwambia asante.